Kumbe ni Eathi: Gari Lililokataa Kuwaka Hata Baada ya Betri Mpya na Stata Mpya

Watu watatu waliniambia betri imekufa, na hakuna hata mmoja aliyeipima. Nimenunua betri ambayo sikuihitaji, nikanunua na stata (mota inayozungusha injini ili iwake) ambayo sikuihitaji. Ubovu wenyewe nikaja kuutafuta peke yangu, nikaupata, na bado nina furaha nikilifikiria jambo hilo.

Gari lilikuwa hivi. Unazungusha ufunguo, linatoa "ta!" moja, kisha kimya. Unarudisha, unazungusha tena, "ta!" nyingine. Mara ya tano au ya sita linawaka, na likishawaka linakwenda vizuri siku nzima. Kuna asubuhi liliwaka mara ya kwanza bila shida yoyote, na asubuhi kama hizo ndizo zilizonipotosha zaidi, kwa sababu kila kilichofanyika jana yake kilionekana kuwa ndiyo dawa.

Fundi wa kwanza alisikiliza ile "ta!" akasema, "Dada, hapo hamna kitu, ni betri." Nikabadilisha. Siku mbili likawaka, siku ya tatu, "ta!" Wa pili akasema kama betri ni mpya basi ni stata, burashi zimeisha. Akalala chini, akafungua, akafunga nyingine, na gari likawaka siku tisa mfululizo. Nilimshukuru sana. Siku ya kumi nilikuwa na safari, na gari likakataa kabisa. Tulilisukuma, nikaingiza gia ya pili, nikaachia klachi, likashika. Nilipompigia simu aliniambia labda stata hiyo mpya nayo ni mbovu, niilete abadilishe.

Hapo ndipo nilipokataa. Niliuliza swali ambalo ningeliuliza tangu mwanzo: kama betri ni dhaifu, kwa nini taa hazififii?

Jaribu mwenyewe gari likigoma. Washa taa kubwa, kisha zungusha ufunguo huku unaziangalia. Zikififia hadi karibu kuzimika, shuku betri au vichwa vyake, pale waya zinapofungwa. Zikibaki zinang'aa vilevile huku stata haizunguki, betri ina nguvu ila nguvu hiyo haifiki kwenye stata, au stata yenyewe haiipokei. Taa zangu zilibaki zinang'aa. Mafundi wote walikuwepo, taa zinawaka mbele yao, na hakuna aliyezitazama.

Nilinunua mita ya kawaida, ile ya bei rahisi kabisa. Betri ikiwa imepumzika ilisoma volti 12.6, yaani imejaa. Nikamwomba ndugu yangu azungushe ufunguo, gia ikiwa nyutro na breki ya mkono imevutwa. Ikashuka mpaka 11.9 tu. Betri nzima inayozungusha injini kikweli hushuka zaidi ya hapo, karibu na 10, na wasiwasi unaanza ikipita chini ya 9.6. Kwa hiyo yangu haikuwa mbovu, ila ilikuwa haibebi mzigo wowote wa maana, imekaa tu.

Nikaanza na waya mwekundu unaokwenda kwenye stata. Mzima. Nikaenda kwenye eathi, yaani waya unaorudisha umeme kutoka kwenye injini na bodi hadi upande hasi wa betri, na hapa nilipoteza jioni nzima, tena kwa kufuata ushauri wa mtu. Niliambiwa niweke mita kwenye alama ya kengele, niguse huku na huku, ikilia basi waya ni mzima. Nikagusa kichwa hasi cha betri na bloku ya injini, ikalia. Nikagusa bodi na gia boksi, ikalia. Nikaandika kwenye daftari "eathi safi" na kuanza kuhangaika na rilei, fyuzi, na swichi ya ufunguo. Nilifungua mpaka kifuniko cha chini ya usukani.

Kosa la kipimo hicho nililielewa baadaye, na nataka lieleweke. Mita ikilia, inapitisha umeme kidogo mno, ambao uzi mmoja wa shaba unaubeba bila taabu. Stata ya gari dogo huvuta ampea 150 na kuendelea. Chukua waya wenye ukinzani wa omu 0.03 tu, pitisha ampea 150, unapoteza volti 4.5 njiani. Mita yangu haiwezi kutofautisha omu 0.03 na sifuri. Waya wa stata unapimwa ukiwa kazini.

Basi nikarudi kwenye volti. Ncha moja kwenye kichwa hasi cha betri chenyewe (siyo kwenye kibano, kwenye risasi yenyewe), ncha nyingine kwenye chuma kitupu cha injini. Nikamwambia ndugu yangu, "Zungusha." Kwenye eathi nzima usomaji haupaswi kuzidi nusu volti. Mimi nikaona zaidi ya 8. Nilimwambia arudie mara tatu kwa sababu sikuamini macho yangu. Volti 8 zote zilikuwa zinaishia njiani, kabla stata haijaonja chochote.

Kabla ya kufungua kitu nilitaka uhakika, na hapa ndipo kwenye ujanja ninaojivunia. Nilitoa waya za kubusti, zile za kuazima umeme kwenye betri ya gari jingine, nikachukua mmoja tu. Kibano kimoja kwenye kichwa hasi cha betri, kingine kwenye chuma kitupu cha injini, mbali na feni na mikanda. Hakuna hatari ya shoti kwa sababu pande zote mbili ni hasi, na rangi ya waya haina maana hapa. Ule mwingine uweke mbali kabisa. Nikakaa mwenyewe kwenye usukani, nikazungusha. Injini iliwaka nusu ya mzunguko! Nikazima, nikatoa waya, nikazungusha: "ta!" Nikarudisha waya: ikawaka. Nilifanya hivyo mara nne, si kwa kutilia shaka, ni raha tu.

Kuna dalili nyingine iliyokuwa wazi siku zote. Wiki za nyuma niliwahi kugusa kebo ya aksileta baada ya kuhangaika na ufunguo, nikaikuta ya moto, nikadhani ni joto la injini, wakati injini ilikuwa bado haijawaka. Umeme ukikosa njia yake ya kurudi hutafuta nyingine, na kebo zenye chuma kutoka kwenye injini hadi kwenye bodi ndizo zinazoumia. Ukikuta kebo ya moto kwenye injini ya baridi, acha kuendelea kuzungusha, utaiunguza.

Waya wenyewe ulikuwa chini ya kitako cha betri, unatoka kwenye bodi kwenda gia boksi. Kwa nje mpira wake ni mweusi, hauna hata mkwaruzo. Nilipoukunja karibu na kichwa chake ulikunjika kama kamba. Nikachana mpira: ndani unga wa kijani, na nyuzi chache zilizobaki zikishikilia. Ndiyo maana fundi wa stata "alitengeneza" kwa siku tisa. Mkono wake uliusogeza alipokuwa anafungua.

Mpya niliufunga baada ya kusugua kutu kwa msasa hadi chuma kikang'aa pande zote mbili. Ukifungua betri anza na hasi, na ukifunga hasi iwe ya mwisho, la sivyo spana ikigusa bodi ukiwa kwenye chanya itapiga shoti. Gharama yake haifikii hata pesa niliyolipa kuondolewa stata. Nikapima tena: volti 0.2. Hata chaji iliongezeka. Zamani injini ikiwaka betri ilikuwa inasoma 13.2, sasa inasoma 14.3, kwa sababu altaneta, ile inayochaji betri, nayo ilikuwa inarudishia umeme wake kwenye waya huohuo.

Betri na stata za zamani nilizikataza zisitupwe. Jumamosi iliyofuata niliibana ile stata kwenye jiliwa, nikaunganisha na betri ileile iliyoambiwa imekufa, na waya zilezile za kubusti. Nikagusisha kiungo kidogo cha solenoidi (swichi ya umeme iliyo juu ya stata) kwa waya mwembamba. Ilizunguka kwa nguvu hadi meza ikatikisika.