Krismasi ya Mwaka wa Mbolea Ghali

Mwaka 2021 sisi marafiki tuliosoma pamoja sekondari tulikubaliana kuandaa chakula cha sikukuu kwa ajili ya akina bibi wanaolea wajukuu waliofiwa na wazazi, katika kijiji kimoja nje kidogo ya mji wa Iringa. Jambo hilo lilitugusa wenyewe. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2016/2017 ulionyesha kuwa Njombe na Iringa ndiyo mikoa iliyoongoza nchini kwa maambukizi ya VVU, kila mmoja ukiwa na zaidi ya asilimia 11 ya watu wazima, na ni wachache miongoni mwetu wasio na bibi katika ukoo aliyeanza upya kubeba watoto mgongoni katika umri ambao yeye ndiye aliyestahili kutunzwa.

Tulibishana sana juu ya zawadi. Wapo waliotaka tununue mchele, sukari na khanga, kisha tuwapange akina bibi foleni mbele ya ofisi ya kijiji na kuwakabidhi mmoja mmoja. Nilipinga, na msimamo wangu haujabadilika: mtu uliyemwalika kama mgeni hapangwi foleni. Hatimaye tuliafikiana kwamba wageni wale nyumbani kwa mama wa mmoja wetu, mwenyeji wa kijiji hicho, na kwamba yeye mama apite kwanza kuwauliza wanachohitaji. Karibu kila nyumba ilimjibu jambo lile lile: mbolea ya kupandia. Desemba kwetu nyanda za juu ni mwezi wa kupanda mahindi, na mwaka ule bei ya mbolea ilikuwa imepaa duniani kote, hata mfuko wa kilo 50 wa DAP, aina ya mbolea ya kupandia, unaotosha ekari moja hivi, ukafika shilingi 100,000. Ruzuku ya serikali ilikuja msimu uliofuata. Khanga zikaachwa.

Tarehe 26 Desemba iliangukia Jumapili, hivyo wageni walifika baada ya ibada, wajukuu wakiwafuata nyuma. Tuliwapokea mlangoni kwa "kamwene", salamu ya kwetu, tukawanawisha mikono, tukawapakulia wao kwanza pilau na nyama ya mbuzi. Mbuzi huyo alichinjwa na rafiki yetu Mwislamu, ili pasiwepo mgeni wala mwenyeji wa kula kwa mashaka.

Bibi mmoja alikuja na jogoo kwapani, amefungwa miguu kwa kamba ya katani. Mwenzetu mmoja alininong'oneza kwamba tumsihi arudi naye nyumbani, kwa kuwa huenda ndiye jogoo pekee aliyenaye. Mama mwenyeji alimsikia. "Mwanangu," alisema, "ukimrudishia jogoo wake umemwambia kwamba yeye si mtu wa kutoa. Mpokeeni." Tulimpokea kwa mikono miwili, akachinjwa pale pale, na supu yake ikanywewa na wazee wote. Bibi yule alikaa wima kwenye kiti chake, akawa anawahimiza wenzake waongeze, kana kwamba karamu ni yake. Na kwa hakika ilikuwa yake pia.

Baada ya chakula tulipima mbolea kwa mizani tuliyoazima dukani, kilo 25 kwa kila nyumba. Wageni waliikagua kwa makini kuliko wanunuzi wengi niliowaona, maana mbolea bandia imewahi kuwatia watu hasara. Bibi mmoja alitia punje chache kiganjani, akaziminya kwa ukucha, akazinusa, kisha akasema, "Hii ni yenyewe, mjukuu wangu. Ifunge vizuri, mvua inakuja." Tulifunga kila mzigo kwa nailoni mara mbili, na vijana wa kijiji wakaibeba kwa pikipiki hadi milangoni kabla mvua haijashuka.

Michango ilibaki kiasi. Tulimkabidhi mama mwenyeji mbele ya wageni wote, naye mwezi Januari akaitumia kununua mbolea ya kukuzia kwa ajili ya mashamba yale yale.