Mshale wa Mafuta wa Land Rover ya Baba

Mafuta yaliniishia kwenye kona za juu ya Mombo, jioni, nikipanda Lushoto kumwona mama. Mvua ilikuwa ndiyo kwanza imekatika. Gari likakohoa mara mbili, likavuta kidogo, likazima. Nikatia jiwe nyuma ya gurudumu, nikamsimamisha kijana wa bodaboda, akateremka na dumu langu hadi sheli ya Mombo. Muda wote huo nilikaa nikiutazama mshale wa mafuta. Ulikuwa umelala kwenye E, yaani tupu, kama ulivyolala mchana nilipotoka Korogwe, na kama ulivyolala miaka yote ninayoikumbuka.

Gari ni Land Rover Series III, ile fupi ya inchi 88, ya mwaka 1978, injini ya petroli ya lita 2.25. Baba alipofariki likabaki kwangu, pamoja na daftari lake. Kila alipotia mafuta aliandika tarehe, maili na lita. Tenki la chini ya kiti cha dereva linachukua galoni 10, yaani lita 45 hivi, naye alijihesabia maili 15 kwa kila galoni. Zikitimia maili 120 tangu ajaze, anatafuta sheli. Nami nikaifuata hesabu hiyo hiyo. Lakini hesabu ya tambarare haiufai mlima wa Soni, gia ya pili kona hadi kona, na siku ile niliondoka na tenki ambalo halikuwa limejaa.

Fundi wa kwanza aliwasha switchi, akautazama mshale, akasema geji imekufa. Nikaagiza iliyotumika kutoka Dar es Salaam, ikaja kwa basi, akaifunga. Mshale ukalala palepale kwenye E. Iliniuma sana, maana pesa ilikwenda na hakuna mtu aliyepima chochote.

Ndipo nikaenda kwa mzee mmoja wa mtaani kwetu anayetengeneza redio. Hajishughulishi na magari, ila umeme anaujua.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Kabla hujanieleza mengi, geji ya joto inasoma?"

Inasoma vizuri, nikamwambia. Injini ikichemka mshale wake unapanda, ikipoa unashuka.

"Basi nusu ya kazi umeshaimaliza," akasema.

Maelezo yake yako hivi, na ninayaandika kwa sababu wenye magari haya ya zamani wengi wanaishia kununua geji kama nilivyonunua mimi. Ndani ya geji ya mafuta na ile ya joto mna kipande cha metali mbili zilizobanwa pamoja. Umeme unakipasha joto, kinapinda, mshale unasogea. Ndiyo maana mshale hauruki ukiwasha switchi, unapanda polepole. Umeme wa gari lakini hautulii: betri peke yake ni volti 12 na kitu, injini ikinguruma unafika 14. Kwa hiyo nyuma ya dashibodi kuna kidude kinachoitwa stebilaiza. Kinakata na kuunganisha umeme, kinakata na kuunganisha, mpaka wastani wake unakuwa kama volti 10, na geji zote mbili zinakula humo. Kikifa, geji zote mbili zinalala. Kikikosa ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye chuma cha gari, zote mbili zinasoma juu kupita kiasi. Yangu ilikuwa inasumbua geji moja tu, kwa hiyo stebilaiza haikuwa na kosa.

Jumamosi tukainua kiti cha dereva. Chini yake kuna kifuniko, na chini ya kifuniko ndipo juu ya tenki, ambapo kimefungwa kile kidude ambacho mafundi wanakiita floti, kinachopima mafuta na kuiambia geji. Waya wake ni wa kijani wenye mstari mweusi. Mzee akanifanya nifungue madirisha na milango, simu nikaiacha nyumbani. Tukauchomoa ule waya, tukauongeza kwa kipande kirefu ili ncha yake iwe nje kabisa, mbali na mvuke wa petroli, kisha nikaigusisha kwenye chuma cha chesesi huku switchi imewashwa.

Sijui nieleze vipi nilichohisi. Mshale ule ukatikisika, ukaanza kupanda, taratibu kama mtu anayeamka: robo, nusu, mpaka F, yaani tenki limejaa. Mzee akaniambia niutoe waya haraka, maana geji ikiachwa hivyo kwa muda inaungua. Lakini jibu tulishalipata. Geji nzima, waya mzima. Na ile geji ya zamani, iliyokuwa kwenye boksi sebuleni, nayo ilikuwa nzima siku zote. Nimeirudisha mahali pake.

Likabaki tenki. Mzee akatoa mita. Floti inauzuia umeme kwa kiasi kinachobadilika na mafuta, na kiasi hicho kinapimwa kwa ohm: ya aina hii inatakiwa kusoma karibu ohm 240 tenki likiwa tupu, na chini ya 30 likijaa. Akapima kati ya ncha ya floti na chesesi: hakuna kitu. Akapima kati ya ncha ileile na mwili wa floti yenyewe: 238. Maana yake floti inapitisha umeme, ila haujapata njia ya kurudi. Haina ethi.

Tukachungulia pembeni. Tenki lote lilikuwa limepakwa rangi nzito ya lami, nyeusi, na pale tenki linaposhikwa na boliti rangi ilikuwa imeingia hadi chini ya washa, ikauzuia umeme usifike kwenye chesesi. Usiku nikafungua daftari la baba. Ukurasa wa kwanza kabisa, Aprili 1996, kwa mwandiko wake uliolala: "Nimeteremsha tenki, nimekwangua kutu, nimepaka rangi mikono miwili." Siku tatu baadaye ndipo anaanza kuandika maili na lita. Nililisoma daftari lile mara nyingi nikidhani ni tabia yake tu ya kuandika kila kitu. Kumbe aliulaza mshale mwenyewe siku alipoliokoa tenki. Na aliliokoa kweli. Chini ya ile rangi bati bado ni gumu, sijaona tundu hata moja.

Nikakwangua kwa msasa mahali padogo, nikafunga waya mpya wa ethi kutoka mwili wa floti hadi chesesi. Nikawasha switchi, nikasubiri dakika nzima. E. Ndani mna lita 20 kwa uhakika, nimezitia kwa mkono wangu, na bado E.

Hapo hapakuwa na ujanja tena, floti ilibidi itoke. Tulichomoa betri kwanza. Skrubu zilikuwa zimeng'ang'ania, moja ilinichukua karibu saa nzima kwa mafuta ya kulainisha na bisibisi ya kupigwa nyundo. Ilipotoka, nikaliona boya lake: kikopo cha shaba nyeupe iliyopauka, kidogo kuliko ngumi ya mtoto, mwisho wa mkono mwembamba wa waya. Nikalitikisa karibu na sikio. Chwa, chwa. Lilikuwa limejaa petroli, limekaa chini ya tenki kama jiwe.

Mzee akalizamisha kwenye maji ya moto, mapovu madogo yakatoka kwenye mshono. Pale ndipo penye tundu. Kulehemu boya lenye petroli ni kujitafutia kifo, kwa hiyo tuliliacha limwage lote, tukalipasha kwa maji ya moto mara kadhaa, likakaa juani siku nne mpaka halina harufu. Ndipo akalifunga kitambaa kibichi, akaacha mshono tu nje, akagusisha lehemu kidogo na kuondoa. Kitambaa ni cha kulipoza, kwa sababu hewa ya ndani ikipata joto inatafuta pa kutokea na kutoboa lehemu kabla haijaganda. Na lehemu iwe kidogo kweli, ikizidi boya linakuwa zito na geji itadanganya.

Kabla ya kufunga, nilinyanyua mkono wa boya kwa kidole huku mita imeunganishwa: 240, 180, 110, 60, 27. Namba zilishuka bila kuruka. Tukaweka gasketi mpya.

Kisha nikaanza upya na tenki tupu, nikitia lita chache chache na kusubiri mshale utulie kila mara. Lita tano, unaondoka kidogo tu kwenye E. Lita 12, robo. Lita 24, nusu. Nimeziandika zote kwenye ukurasa mpya wa daftari lile, chini ya maili za mwisho za baba.

Wiki iliyopita nilipanda tena Lushoto. Kwenye kona mshale unayumba, maana petroli inahamia upande mmoja wa tenki. Nilipofika kwa mama ulikuwa umesimama juu kidogo ya robo. Nilimwita aje auone. Akainama dirishani, akavaa miwani, akakaa kimya kidogo, kisha akauliza kama baba aliwahi kuuona hivi. Nikamwambia ndiyo, kabla ya Aprili 1996.