Sabufa bila stika, ampli bila jina: nilivyozitambua

Muuzaji pale Gerezani aliniapia: "Kaka, hiyo ngoma ni wati elfu mbili." Sabufa, yaani spika ya besi, ilikuwa ya inchi 12, sumaku tupu bila stika, na ampli yake, chombo cha kukuza sauti, imefutika jina kwenye kifuniko. Vyombo vya namna hii ni vingi Dar es Salaam: vinatolewa kwenye buti za magari ya zamani, vinapita mkono hadi mkono, karatasi zinapotea njiani. Nilivinunua vyote viwili kwa sababu vimetengenezwa kwa uimara. Hizo wati elfu mbili sikuziamini, maana fyuzi zilisema vingine.

Pembeni ya matundu ya fyuzi palichapwa 25A, na matundu ni mawili. Soma namba iliyochapwa, si fyuzi iliyochomekwa, kwani mtu huweka kubwa zaidi ile ya kwanza ikiungua. Jumla ni ampea 50. Gari likiwa linanguruma, umeme huwa karibu volti 13.8, kwa hiyo zinazoingia ni wati 690 tu. Wati elfu mbili zitoke wapi?

Ili kujua zinazotoka, nilifungua kifuniko cha chini. Niliona chipu ya TL494, ambayo huendesha sehemu ya umeme kwenye ampli nyingi za magari, na duara moja la waya mnene wa shaba. Karibu na skrubu za spika hapakuwa na koili kubwa. Ampli ya klasi D, inayowasha na kuzima umeme kwa kasi, huhitaji koili hapo ili kuchuja mawimbi kabla hayajafika kwenye spika, basi hii ni klasi AB, aina ya kizamani zaidi, ambayo hupoteza karibu nusu ya umeme kwa joto. Nikakadiria wati 350 kwa chaneli (njia za sauti) zote mbili, na huo ni upeo.

Sabufa ilinichukua muda zaidi, na naipenda kazi hii. Ilikuwa na jozi mbili za vishikio, yaani koili mbili. Kwanza niligusanisha ncha za mita ya kupima om, yaani ukinzani wa umeme: 0.3, ambayo ni ya nyaya za mita yenyewe. Halafu nikapima kila koili: 3.8. Ukitoa 0.3 inabaki 3.5, na koili ya om 4 husoma chini kidogo ya 4 kwenye mita. Nilisukuma koni kwa viganja vyote viwili, polepole na sawasawa. Haikukwaruza. Nikagusisha betri ndogo ya volti 1.5 kwenye kila koili, chanya kwa chanya, na koni ikatoka nje mara zote mbili. Moja ingeivuta ndani, zingepigana na besi ingekufa.

Uwezo wa wati wa sabufa yenyewe mita haiwezi kukuambia, na ukubwa wa sumaku si kipimo. Hapo unaanza na sauti ndogo, unasikiliza, unanusa.

Namna ya kuziunga ndiyo inayoua ampli nyingi. Koili hizi zikiungwa sambamba (chanya na chanya, hasi na hasi) ni om 2. Ampli ya chaneli mbili ikibrijiwa, yaani chaneli zote mbili ziendeshe spika moja, kwenye om 2, kila chaneli inabeba mzigo wa om 1, na ampli nyingi za namna hii hazikutengenezwa kwa mzigo huo. Nikaziunga mfululizo, moja ikifuata nyingine: om 8, kisha nikabriji. Kila chaneli ikabeba om 4, mzigo wa kawaida kabisa.

Kabla ya kuunga spika niliiwasha ampli kupitia waya wa REM, ule wa kuipa ampli amri ya kuwaka, nikiwa nimepitisha fyuzi ndogo ya ampea 5 kwenye waya wa chanya. Taa ya kijani ikawaka. Nikapima volti za DC (umeme wa mkondo mmoja kama wa betri) kwenye skrubu za spika: karibu na sifuri. Ingesoma volti kadhaa, koili ingepata joto na ingeweza kuungua hata bila muziki kupigwa.

Kwenye gari nimepitisha waya mnene moja kwa moja kutoka betri, fyuzi ya ampea 50 ikiwa karibu kabisa na betri. Inapiga besi safi, na ampli inapata uvuguvugu tu.