Jinsi nilivyoondoa mvumo kwenye spika za kompyuta

Jioni huwa nahariri rekodi za kwaya. Kompyuta yangu ya mezani niliiunga na risiva ya mtumba ya Kariakoo (mashine ya kukuza sauti inayoendesha spika), kwa ule waya wa kawaida wenye pini ndogo upande mmoja na plagi mbili za RCA upande wa pili. Muziki ulitoka, lakini chini yake kulikuwa na mvumo mzito usiokatika, na kila nikisogeza mausi spika zilitoa mlio mwembamba kama wa mbu. Kwaya isiyo na ala ndiyo inayouanika: waimbaji wakivuta pumzi tu, unausikia wote.

Fundi wa mtaani akaniambia, "Kaka, vunja hiyo pini ya ethi kwenye plagi, utaona." Huenda mvumo ungeisha kweli, ila pini hiyo ndiyo inayokulinda siku waya wa moto ukigusa boksi la chuma la kompyuta. Sikuigusa. Nilianza kuchomoa kimoja kimoja vilivyoungwa kwenye risiva, na nilipochomoa waya wa dishi kwenye king'amuzi, kimya! Kumbe umeme mdogo ulikuwa unazunguka toka ethi ya kompyuta, kupitia waya wa sauti, hadi dishi juu ya bati na kurudi ardhini. Umeme wetu ni wa hertz 50, na huo ndio uliokuwa ukivuma. Dishi nalo siwezi kuling'oa. Nyumbani kuna wapenzi wa tamthilia.

Dawa ilikuwa nyuma ya kompyuta yenyewe. Kadi ya sauti ilikuwa na kitundu cha mraba chenye kifuniko, kimeandikwa S/PDIF, yaani njia ya kutolea sauti ya kidijitali. Kompyuta ikiwaka, ndani yake unaona mwanga mwekundu. Sauti hutoka hapo ikiwa bado namba, kwa mwanga. Waya wake, TOSLINK, uliobuniwa na Toshiba mwaka 1983, ni uzi wa plastiki mtupu, kwa hiyo umeme hauna pa kupita. Kadi nyingine zina tundu la duara la koaksia: namba ni zilezile, lakini waya ni wa shaba, na mvumo unaweza kurudi.

Vua vifuniko vidogo vya ncha za waya, na usiukunje. Kwenye mipangilio ya sauti nilichagua towe la dijitali, la sivyo ungesikia kimya tu, nikaweka hertz 44,100 (idadi ya vipimo vya sauti kwa sekunde) kama rekodi zangu za CD. Kero ni moja: risiva huchelewa kidogo kushika, hivyo mlio mfupi wa kompyuta hukatwa mwanzo.

Filamu za DVD sasa zinatumia spika zote, kwa kuwa risiva yenyewe inafungua Dolby Digital, ile sauti ya chaneli nyingi iliyobanwa. Gemu za mwanangu bado zinatoka spika mbili, maana S/PDIF haina nafasi ya chaneli sita zisizobanwa. Anayezitaka hizo atumie HDMI.