Chumvi katika ndoo za roshani: nilivyopata tungule ghorofa ya nne Michenzani

Nilipohamia katika majumba ya Michenzani, mjini Unguja, ghorofa ya nne, kitu cha kwanza nilichokikagua kilikuwa roshani. Nimekulia shamba, karibu na Wete, Pemba, ambako mtu akitaka pilipili hutoka nyuma ya nyumba akachuma, nami sikuweza kuzoea kununua sokoni Darajani fungu la kotmiri ambalo hunyauka kabla sijafika mlangoni. Roshani yangu ina hatua tano kwa mbili, inaelekea mashariki, hupata jua tangu asubuhi hadi karibu na adhuhuri, na hilo lilinitosha kuamua kupanda.

Vyombo havikunisumbua. Kwa tungule, yaani nyanya, na pilipili mbuzi nilipata ndoo kuukuu za lita 20, na kwa kotmiri na mrehani nilikata madumu nusu, kwa kuwa mizizi yake haiendi mbali. Nilitoboa matundu chini kwa msumari uliotiwa moto, nikaziinua ndoo juu ya vipande vya matofali, na nikazipanga ukutani badala ya ukingoni, maana ndoo moja ya udongo uliolowa hukaribia kilo 30 na roshani haikujengwa iwe ghala. Ili maji yasiwadondokee majirani walioanika nguo chini, nilikinga kila ndoo kwa beseni. Beseni hizo nitazirejea, kwa sababu zilinigharimu.

Kosa kubwa lilikuwa katika udongo. Kinongo, ule udongo mwekundu wa shamba, ni mzito kuupandisha ngazi, kwa hiyo nilichukua kidogo nikaongeza mchanga wa pwani, samadi, na mabaki ya makumbi niliyopewa Jambiani, huko ambako kina mama huyafukia makumbi ufukweni kwa miezi kadhaa kabla ya kuyaponda na kusokota kamba za usumba. Mchanganyiko ulikuwa mwepesi na wa kupendeza machoni. Kotmiri haikuota hata mche mmoja. Tungule ziliota, lakini majani yake yalikauka kingoni kana kwamba yamepitishwa motoni, nami nikaamini kuwa zina kiu, nikaongeza maji ya kisima cha jirani, na kadiri nilivyozidisha maji ndivyo zilivyozidi kudhoofu. Juu ya udongo pakaota ukoko mweupe ambao niliudhania kuwa ukungu.

Mama mdogo alipokuja kunitembelea kutoka Pemba, alisimama kwenye roshani akachukua ukoko ule kwa ncha ya kidole akauonja. "Mwanangu," akaniambia, "hizi umezipanda baharini." Kisha akaomba kikombe cha maji ya kisima, akayaonja nayo, akatikisa kichwa.

Mambo yalikuwa kama alivyosema. Mchanga wa pwani una chumvi, makumbi yaliyolala ndani ya maji ya bahari yamejaa chumvi, na baadhi ya visima vya mjini vina maji ya magadi, yaani ya chumvichumvi, kwa sababu maji matamu ya kisiwa hukaa juu ya maji ya bahari ndani ya mawe ya matumbawe, na yakivutwa kwa wingi yale ya chini hupanda. Mzizi hunywa kwa urahisi pale tu maji ya nje yanapokuwa na chumvi kidogo kuliko yale yaliyomo ndani yake. Vinginevyo mche huona kiu huku miguu yake imelowa. Ardhini masika huja yakaosha kila kitu, lakini roshani yangu imeezekwa na sakafu ya ghorofa ya juu, hivyo tone la mvua halifiki kwenye ndoo. Na zile beseni zilikuwa zikiyapokea maji yaliyotoka na chumvi, kisha udongo ukayafyonza tena kutoka chini. Chumvi yote iliyoingia ilibaki mle mle.

Niliutupa udongo wote. Safari hii nilitumia vipimo viwili vya kinongo, kimoja cha samadi iliyokwisha kuoza, na kimoja cha makumbi ya nazi mbichi niliyoyakatakata na kuyalowesha katika maji matamu mara tatu, kila mara nikiyamwaga. Maji ya mfereji, yaani ya bomba, yanapotoka najaza pipa, na ya kisima nayatumia pipa likikauka tu. Kila ninapomwagilia huendelea mpaka sehemu ya maji itoke chini, kisha humwaga beseni mara moja, na mara moja kwa mwezi huiosha kila ndoo kwa maji mengi matamu. Kazi hii inachosha kuliko zote, na ndiyo ambayo nisingethubutu kuiacha.

Tungule zilinidai pia nielewe misimu. Za kwanza kwenye udongo mpya nilizisia Novemba, zikachanua wakati wa kaskazi, na maua yote yakapukutika kwa sababu usiku wa Februari ni wa joto mno kwa tungule kushika matunda. Sasa nasia mwishoni mwa Aprili, nahamisha miche ikiwa na majani manne au matano, na maua hutoka kipupwe kinapopoza usiku. Tatizo ni kwamba miezi hiyo ndiyo ya kusi, nao upepo huo hunijia ubavuni ukiwa na unyevu wa bahari wenye chumvi, kwa hiyo nimefunga kuti la kusuka upande wa kusini, kwa kuwa kuti hupunguza upepo bila kuuziba, na jioni huyasuuza majani. Nyuma ya kuti upepo hautoshi kutikisa maua, basi asubuhi huvigonga vikonyo kwa kidole ili chavua idondoke.

Matunda ya mwanzo yalioza kitako yakawa meusi. Nilisaga maganda ya mayai, yenye chokaa, nikatia, lakini sikuona tofauti. Kilichosaidia ni kumwagilia kwa kipimo kile kile asubuhi na jioni, kwani udongo wa ndoo ukikauka mchana mmoja tu mmea hushindwa kupeleka chokaa hadi kwenye tunda. Vidukari niliwaondoa kwa maji ya sabuni, na hawakunisumbua sana.

Mwaka huo ndoo nne zilinipa tungule za mchuzi tangu Agosti hadi Septemba, na mpilipili mbuzi mmoja umeingia mwaka wa pili ukiwa bado unazaa. Asumini niliyoipanda ukingoni iliungua majani mara mbili kabla sijaihamishia nyuma ya kuti. Mama mdogo alipokuja tena aliuonja kwanza udongo wa asumini hiyo, kisha akachuma maua yake yote yaliyokuwapo, akayachanganya na mrehani, akajifungia kikuba, kile kishada cha kunukia cha kujipamba, akarudi nacho Wete.