Uji wa Saa Nne

Nilirudi nyumbani Januari 2024, baada ya miaka tisa Muscat. Basi lilipofika Ruaha Mbuyuni na wauza vitunguu wakaanza kukimbilia madirisha, nikajua nimeingia Iringa. Tulipomaliza kuupanda mlima Kitonga, baridi ya kwetu ikanigusa uso, nikalia. Jirani yangu wa kiti alinipa leso bila kuuliza kitu.

Kazi yangu kule ilikuwa jikoni na kulea. Watoto watatu, wa mwisho nilimpokea hajaota hata jino. Nilijua yupi hataki tende, yupi hali samaki mpaka achambuliwe, na kila saa nne asubuhi nilikuwa nawamenyea matunda. Walikula mara tano kwa siku kwa mikono yangu. Na kila mwezi nilituma pesa nyumbani Kilolo, moyo ukatulia kwamba watoto wa kaka yangu nao wanakula.

Mama alinipokea mlangoni: "Kamwene, mwanangu." Nyumba ina bati jipya, na ghalani kulikuwa bado na magunia manne ya mahindi, mwezi wa kwanza huo. Nikambeba binti mdogo wa kaka, mwepesi mno. Nikasema, huyu amefikisha mwaka na nusu? Wifi akainama. Mama ndiye aliyejibu: "Ana mitatu na miezi miwili."

Utafiti wa afya wa kitaifa wa 2022 ulionyesha kwamba nchini watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa, yaani ni wafupi kuliko umri wao. Mkoani Iringa ni karibu 57. Njombe, jirani zetu, ni 50. Sisi tunaojaza malori ya mahindi na viazi yanayoshuka Kitonga kwenda Dar es Salaam! Nilipoisikia takwimu hiyo zahanati, nilidhani muuguzi amekosea. Kisha nikakaa nyumbani wiki mbili nikaona siku ya mtoto inavyokwenda.

Msimu wa palizi wifi anaondoka alfajiri. Mtoto anabaki na dada yake wa miaka minane. Asubuhi anapata chai ya rangi na kiporo, halafu hakuna kitu mpaka mama arudi jioni, achoke, asonge ugali uleule wa watu wazima na mboga za majani. Tumbo la mtoto ni dogo, tonge tatu limejaa, na usingizi umemchukua. Mayai yameuzwa kwa ajili ya sabuni na madaftari. Na huu ndio msimu wa ulanzi, pombe ya mianzi. Wapo wanaomnyamazisha mtoto kwa kikombe cha ulanzi mtamu wakidhani ni juisi tu ya mianzi. Hakuna mwenye nia mbaya hapo. Hata mimi, kila nilipopiga simu nilikuwa naomba nitumiwe picha ya bati. Sahani ya mtoto sikuiuliza hata mara moja.

Lakini kitongojini kwetu jambo limeanza, na ndilo linalonifanya niandike. Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji, mhudumu wa afya wa jamii alipima watoto, mkono kwa utepe wa rangi, urefu kwa ubao. Kwenye utepe wengi walikuwa kijani, hawajakonda. Kwenye ubao, mtoto baada ya mtoto, mfupi kuliko umri wake. Akina mama wakanyamaza. Bibi mmoja wa kikundi cha kuweka na kukopa ndiye aliyesema: jembe tunazungushana, leo shamba la huyu, kesho la yule, mbona mtoto hatumzungushi?

Wakakubaliana hivi. Kila siku ya palizi wanabaki mama wawili na watoto wote wadogo, na wenzao wanawapalilia mistari yao. Hilo la mistari ndilo roho ya mpango. Bila hilo kila mwanamke angehesabu hasara ya kubaki, na zamu ingekufa ndani ya wiki. Baada ya mavuno kila kaya inatoa debe moja la mahindi na kisado cha maharage. Bibi anayelea wajukuu peke yake haulizwi kitu. Baba zetu mwanzoni walisema ni mambo ya wanawake. Sasa kuni wanapasua wao, na kaka yangu amejenga jiko la udongo.

Saa nne ni uji mzito kidogo, wenye karanga zilizosagwa na maziwa yakipatikana. Saa saba viazi vilivyopondwa, maharage yaliyochujwa maganda, dagaa waliotwangwa, parachichi. Parachichi! Tunayauza kwa matenga, na watoto wetu walikuwa hawayajui.

Hawafiki wote. Wanaoishi bondeni ni mbali mno kumbeba mtoto alfajiri, na wiki ya msiba sufuria halipandi jikoni. Shule ya msingi nayo ina hadithi yake: elimu bila malipo ilipoanza 2016 wazazi wengi walielewa kwamba hata mahindi ya uji hayachangwi tena, ingawa chakula cha mwanafunzi wa kutwa kilibaki jukumu la mzazi. Uji ukakoma. Umerudi mwaka jana tu, baada ya mikutano ya kijiji isiyohesabika.

Muuguzi ameniambia ukweli kuhusu binti yetu: siku elfu moja za mwanzo, tangu mimba mpaka miaka miwili, zimeshampita, na kimo alichokipoteza ni vigumu kukirudisha chote. Nimelilia hilo zaidi ya nilivyolia Kitonga. Ila sasa anakula, anakimbia, na ameanza kuniita shangazi kwa sauti ya kuamuru.

Wifi ana mimba ya miezi saba. Kikundi kimemwondolea mistari yake yote mpaka ajifungue na amalize arobaini, na mimi nimechukua zamu zake. Ya kwanza ni kesho. Maharage nimeshayaloweka, karanga zinakaangwa, na binti amelala mgongoni kwangu huku naandika.