Nani awe namba moja kijiweni?

Ndugu zangu wa kijiwe cha karata Magomeni, mjadala wa jana kuhusu mfumo gani wa pointi tutumie kupanga wachezaji wetu bado unanizunguka kichwani, acha niuseme hapa.

Elo, mfumo wa pointi aliouibuni Arpad Elo kwa ajili ya chesi na FIDE, shirikisho la chesi duniani, ikaupokea mwaka 1970, unatazama uliyemfunga ni nani. Ukimfunga mkali unapanda sana, ukimfunga dhaifu unaokota makombo. Tofauti ya pointi 400 ina maana mkali anatarajiwa kushinda kama mara 10 kati ya 11. Kwenye chesi sawa. Kwenye karata, mgao mbaya unamwangusha bingwa yeyote, naye anapoteza pointi nyingi kwa bahati tu!

Ndiyo maana mkali akishapanda anakaa pembeni. Wachezaji wa Magic: The Gathering, mchezo wa karata wenye mashindano ya kimataifa, walifanya hivyo hivyo kulinda pointi zao, hadi mwaka 2011 Elo ikaondolewa, zikaja Planeswalker Points, pointi za kushiriki na kushinda ambazo hazikupungua ukifungwa. Hizo nazo zilimpendelea mwenye muda na nauli. Dereva wa bodaboda anayepata Jumapili moja moja atamfikiaje anayecheza kila jioni? Si haki hata kidogo.

Mimi naitetea Glicko, mfumo mwingine wa pointi uliobuniwa na Mark Glickman. Ukikaa muda mrefu bila kucheza, mashaka juu ya kiwango chako yanaongezeka, na ukirudi pointi zako zinasogea haraka zaidi. Hesabu itafanywa na simu. Naomba tuijaribu kwa matokeo ya zamani yaliyo kwenye daftari letu kabla ya mashindano yajayo.